Kanisa la magogo la kisiwa cha Kizhi: mbao hazijilindi zenyewe

0. Utangulizi



Siku moja nilikuwa ninafundisha darasa la tano historia ya Urusi wakati wa Tsar Petro wa Kwanza. Nilikuwa na kitabu kizee chenye picha, nikakipitisha kati ya meza ili wanafunzi waone kanisa moja lililojengwa wakati ule. Ni kanisa la magogo matupu, liko juu ya kisiwa, lina vichwa 22 vya mviringo vinavyopandana sawa vitunguu juu ya meza ya soko. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: «Mwalimu, hii kanisa ni ya mbao tu? Na imekaa miaka mia tatu? Namna gani haikuoza?» Mwenzake akamjibu mbele yangu: «Ni Mungu anailinda.» Darasa likacheka.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu swali lilikuwa la maana na jibu langu la siku ile halikutosha. Sisi wenyewe tunazijua nyumba za mbao. Kila mtu hapa anajua kwamba ubao wa chini, ule unaokaa karibu na udongo, ndio unaanza kuoza, na kwamba baada ya miaka michache unaweza kuuchoma kwa kidole. Basi kanisa la mita 37, pahali penye theluji, mvua na upepo wa ziwa, liliwezaje kusimama tangu 1714?

Katika kurasa hizi ninataka kulipa deni la jibu lile. Nitasema habari za kisiwa na watu wake, nitaeleza ujenzi wenyewe, kisha nitafika kwenye ugonjwa wa kanisa na namna mafundi walivyoliponya. Mutaona kwamba mbao hazijilindi zenyewe. Kinachozilinda ni mikono ya watu wanaojua kazi. Na pale mikono ile ilipokosekana, au ilipofanya haraka bila kuelewa, kanisa liliugua.

1. Kisiwa na watu wake

Kizhi ni kisiwa kidogo ndani ya ziwa Onega, katika jimbo la Karelia, upande wa kaskazini-magharibi ya Urusi. Urefu wake ni kilometa 6 hivi, na upana haupiti sana kilometa 1. Lakini ziwa lenyewe ni kubwa: linapita ziwa letu Kivu karibu mara tatu na nusu. Wakati wa baridi maji yanaganda yanakuwa barafu kwa miezi mingi. Wakati wa joto watu wanafika kwa mashua kutoka mji wa Petrozavodsk.

Zamani pale palikuwa makao ya parokia, pahali ambapo Warusi waliita «pogosti». Musifikiri kwamba ilikuwa nyumba ya sala peke yake. Vijiji vingi vilitawanyika juu ya visiwa na kandokando ya ziwa, na watu wao walikuja Kizhi kwa mitumbwi siku ya Mungu na siku za sikukuu. Baada ya misa walibaki kusemezana habari za kodi, za mashamba, za magomvi ya mipaka, na kusikia amri za serikali. Kwa kifupi, palikuwa kanisa na baraza pamoja. Maandishi ya serikali ya mwaka 1563 yanataja tayari makanisa mawili pahali pale.

Kanisa kubwa la zamani liliungua kwa radi mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1714 wakaanza kusimamisha hili tunalolizungumzia, Kanisa la Kugeuka Sura kwa Bwana. Ni kanisa la wakati wa joto, halina moto wa kulipasha. Pembeni yake kuko kanisa la pili, la Ulinzi wa Mama wa Mungu, lenye vichwa 9, ambalo lilipata umbo lake la sasa mwaka 1764. Lile lilipashwa moto na watu walisali ndani yake wakati wa baridi. Katikati ya yote mawili mnara wa kengele ulijengwa upya katika karne ya 19.

Mwaka ule wa 1714 haukuwa wa amani. Urusi ilikuwa inapigana na Uswidi, vita ambavyo vilianza 1700 na kwisha 1721. Ili kupata mizinga, Tsar Petro alikuwa amefungua kiwanda cha chuma kando ya ziwa Onega mwaka 1703, na ni pale mji wa Petrozavodsk ulipozaliwa. Wakulima wa eneo lile waliandikwa kuwa watu wa kiwanda: kukata miti, kuchoma makaa, kubeba madini kwa wanyama wao wenyewe, mbali na mashamba yao. Sisi ambao wazee wetu walijua kazi ya kulazimishwa hatuhitaji kuelezwa sana maana yake.

Miaka ikapita, mzigo ukaongezeka. Mwaka 1769 wakulima wa Kizhi wakakataa kwenda kuchimba mawe ya marmari na kujenga kiwanda kingine. Walikutana palepale kwenye makanisa yao, wakachagua watu wa kupeleka malalamiko mpaka mji mkuu. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Kliment Sobolev. Jibu la serikali lilikuja mwaka 1771: askari pamoja na mizinga. Wakulima walipigwa risasi za mizinga mbele ya makanisa, viongozi wakachapwa viboko na kupelekwa Siberia kufanya kazi ngumu.

Ninaeleza hayo kwa sababu mtu akitazama picha anaona uzuri tu. Kumbe kuta zile za magogo ziliona pia machozi. Watu ambao mikono yao ilichukuliwa kwa nguvu na kiwanda, ni katika jamii yao walitoka mafundi wa kanisa. Kazi ya kiwanda walilazimishwa. Kanisa lilikuwa lao.

2. Namna walivyojenga

Watu wa pale wanasimulia hadithi. Fundi mkubwa, jina lake Nestor, alipomaliza kazi alitupa shoka yake ndani ya ziwa, akasema kwamba kanisa la namna ile halijakuwako, haliko, na halitakuwako tena. Ni hadithi ya wazee, tuipokee kama hadithi. Lakini kitu kimoja ndani yake ni kweli: chombo kikubwa cha kazi kilikuwa shoka.

Kwa nini shoka na si msumeno? Mafundi wa kaskazini wanaeleza hivi: msumeno unachana nyuzi za mti na kuziacha wazi, maji yanaingia, lakini shoka yenye makali ikipiga vizuri inabana nyuzi na kuzifunga. Ubao uliochongwa kwa shoka unakawia kuoza. Tena miti ilikatwa wakati wa baridi, wakati maji ya mti ni kidogo.

Kuta ni za magogo ya msonobari yaliyolazwa moja juu ya lingine. Kila gogo lilichongwa mfereji wa kukalia mgongo wa mwenzake, na kwenye pembe magogo yalishikana kwa kukatwa mashimo ya mviringo. Kati ya magogo walitia majani laini ya kuvumwani ili upepo usipite. Kwa kushika kuta zile hakuna msumari hata mmoja. Misumari midogo ilitumika juu tu, kwa kupigilia vigae.

Umbo lake ni la akili sana. Chini kuko chumba cha pembe nane, na pande nne zake, mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, kumeongezwa vyumba vinne. Juu ya pembe nane ya kwanza kumewekwa pembe nane ndogo zaidi, na juu ya ile, nyingine tena ndogo. Vichwa vinapanda kwa ngazi, mpaka kile kikubwa cha juu.

Vichwa vile vimefunikwa na vigae vidogo vya mti uitwao osina, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kimechongwa kwa mkono na kupindwa kidogo kufuata mviringo. Vikiwa vipya vina rangi ya dhahabu. Mvua na jua vikivipiga vinageuka kijivu kinachong'aa, na mtu akiwa mbali ndani ya mashua anafikiri ni feza. Lakini si urembo tu. Chini ya vichwa mafundi walificha paa la pili, pamoja na mifereji, ili maji yanayopenya juu yakusanywe na kutupwa nje mbali ya kuta. Adui wa mbao ni maji yanayokaa, na wale wakulima walilijua jambo hilo bila kusoma shule.

Ndani kulikuwa ukuta mkubwa wa picha takatifu, ikona zaidi ya 100, katika mistari minne, ndani ya fremu iliyochongwa na kupakwa dhahabu. Juu kulikuwa dari iliyochorwa, ambayo watu waliita «mbingu». Dari ile ilipotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakati eneo lile lilikuwa mikononi mwa jeshi la Finlandi.

3. Ugonjwa, na dawa zilizozidisha ugonjwa

Hapa sasa ndipo pana fundisho. Kanisa halikuharibiwa na uzembe peke yake. Liliharibiwa pia na nia njema.

Katika karne ya 19 watu waliona magogo matupu kuwa kitu cha kishamba. Wakafunika kuta kwa mbao zilizopigwa rangi nyeupe, na vichwa wakavivalisha mabati. Walitaka kanisa lao lifanane na makanisa ya mawe ya mjini. Umbo la zamani likafichwa. Tunajua namna hiyo ya kufikiri: hata kwetu kuna wanaoona haya kwa nyumba ya mzazi wao mpaka waifunike na simenti.

Baada ya mapinduzi ya 1917 serikali mpya ilipiga vita dini. Mwaka 1937 misa zilikatazwa, na mapadri wa pale walikamatwa wakauawa. Jengo likabaki bila watu wake. Na nyumba isiyo na watu, hata kama haibomolewi, hakuna anayeona tone la kwanza linapovuja.

Baada ya vita mtaalamu Aleksandr Opolovnikov alisimamia matengenezo, tangu 1949 mpaka 1959. Alitoa mbao nyeupe na mabati, akarudisha vigae vya osina. Ulimwengu ukaliona tena kanisa sawa vile lilivyokuwa zamani, na tunamshukuru. Lakini wataalamu waliokuja nyuma waliuliza: je, zile mbao za nje hazikuwa pia koti lililokinga magogo na mvua kwa zaidi ya miaka 100? Magogo yaliyozoea koti yakavuliwa mbele ya upepo wa ziwa. Jambo hilo limebishaniwa sana. Mwaka 1966 kisiwa kikawa makumbusho ya wazi, na makanisa na nyumba za wakulima kutoka vijiji vingine zikaletwa hapo.

Kufika mwaka 1980 hali ilikuwa mbaya. Magogo ya chini yalikuwa yameoza, wadudu walikula mengine, kuta zilianza kuinama. Kanisa likafungwa, watu wasiingie. Mainjinia wakaogopa lisianguke, wakafanya haraka: waliondoa ikona na sakafu, wakasimamisha ndani mifupa ya chuma kutoka chini mpaka juu, na kulitundika kanisa juu yake. Ilikuwa sawa na kumfunga mgonjwa kwenye kiti ili asianguke. Kweli, hakuanguka. Lakini pia hakupona. Chuma na mti havina tabia moja: mti unavimba na kupungua kufuata unyevu, na magogo yanakaa chini polepole kwa uzito wao, lakini chuma kinabaki palepale. Basi kuta zikaendelea kuharibika kuzunguka chuma, na kanisa ambalo lilijengwa kujibeba lenyewe likawa linabebwa.

Mwaka 1990 UNESCO iliandika makanisa ya Kizhi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima ilikuwa kubwa, lakini orodha haizibi tundu. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Wengine walisema: bomoeni yote, gogo kwa gogo, mujenge tena. Wengine wakajibu: mukibomoa yote mara moja, hamutarudisha kitu kilekile. Wengine walitaka chuma kibaki daima. Na wakati wakubwa wanabishana, ubao hausubiri.

4. Kuinua kanisa

Mwishoni wakakubali njia ambayo, nilipoisoma mara ya kwanza, nilifikiri sikuelewa vizuri. Hawakubomoa kanisa. Waliliinua.

Kazi ilianza kwa nguvu karibu mwaka 2010. Kuta ziligawanywa kwa urefu wake katika sehemu saba, zilizozunguka kanisa sawa mikanda. Kwa msaada wa vyuma vipya na mashine za kuinulia, sawa kriki ya motokari lakini zenye nguvu nyingi sana, sehemu ya juu ilibebwa hewani, na mafundi wakatoa mkanda wa chini kabisa. Watu waliofika kisiwani wakati ule waliona ajabu: kanisa lenye vichwa 22 linaelea, na chini yake ni nafasi tupu.

Magogo ya mkanda ule yalipewa namba, yakapelekwa kwenye karakana ya maseremala palepale kisiwani. Hapo kila gogo lilipimwa kama mgonjwa peke yake. Kama ni zima, liliachwa. Kama limeoza upande mmoja tu, walichonga ile sehemu mbovu na kuingiza kipande kipya cha msonobari, kimekatwa kufuata shimo hasa. Kama limekufa kabisa, ndipo walitafuta msonobari mwingine katika misitu ya Karelia, uliokua polepole na wenye nyuzi zilizobanana, wakauchonga kwa shoka namna ya wazee. Kiisha mkanda ulipangwa kwanza karakanani kuona kama unashikana, kisha ukarudishwa chini ya kanisa. Wakapanda kwenye mkanda wa pili. Hivyo hivyo mpaka juu.

Kazi ile ilichukua miaka karibu kumi. Sehemu kubwa ya magogo ya zamani ilibaki. Kuta zikanyooshwa, vichwa vikapata vigae vipya, ikona zikarudi kwenye mistari yao. Mbao zikarudia kazi yao ya kujibeba. Mwaka 2020 milango ikafunguliwa, miaka 40 baada ya kufungwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1980 alikuwa mtu mzima mwenye watoto alipoweza kuingia mara ya kwanza.

Kitu kinachonigusa zaidi katika habari hii si mashine. Ni kwamba kabla ya kuponya kanisa ilibidi kwanza kuponya ufundi. Vijana walifundishwa tena kushika shoka, kusoma alama ambazo seremala wa 1714 aliziacha ndani ya gogo, kuelewa kwa nini alikata hivi na si vile. Kama maarifa yale yangalipotea kabisa, fedha yote ya serikali isingaliweza kitu.

5. Yale ambayo hayakupona

Ili tusifikiri kwamba mambo yote yanakwisha vizuri, tukumbuke makanisa mawili ya eneo lile.

La kwanza lilikuwa karibu na mji wa Vytegra, upande wa kusini wa ziwa Onega. Lilijengwa mwaka 1708, miaka sita kabla ya lile la Kizhi, na lilikuwa ndugu yake kwa umbo. Mwaka 1963 liliungua lote. Kwa sababu lilikuwa limepimwa na kuchorwa kabla ya moto, watu walijenga mfano wake karibu na Saint-Petersburg katika miaka ya 2000. Ni mzuri, lakini hauko pahali pake, na hakuna mzee aliyebatizwa ndani yake.

La pili lilikuwa Kondopoga, ufukoni mwa ziwa lilelile. Lilijengwa 1774, na urefu wake ulipita ule wa Kizhi. Tarehe 10 Agosti 2018, wakati mafundi wa Kizhi walikuwa wanakaribia kumaliza kazi yao ya miaka mingi, kijana mmoja alilitia moto. Kwa saa chache tu kazi ya miaka 244 ikawa makaa.

Hitimisho

Sasa ninaweza kumjibu mwanafunzi wangu. Namna gani kanisa halikuoza? Mtoto wangu, lilioza. Lilioza mara nyingi, pahali pengi. Lakini kila mara alikuwako mtu wa kutoa gogo bovu na kuingiza zima, na yule mtu alikuwa amefundishwa na mwingine. Na yule mwenzako aliyesema kwamba ni Mungu, mimi simpingi. Ninaongeza tu kwamba Mungu alipitia mikono ya maseremala.

Wengine watauliza: kama magogo yanabadilishwa, je, bado ni kanisa lilelile? Mimi ninafikiri hivi. Ukoo wetu unaitwa bado kwa jina la babu ambaye hatukumwona. Watu wake wote wa zamani wamekwisha kufa, lakini ukoo ni uleule, kwa sababu hawakuondoka siku moja na kubadilishwa na wageni siku moja. Waliondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alimwachia mwingine kitu. Kanisa la Kizhi limeishi namna hiyo, gogo kwa gogo.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Habari ya Kizhi inaongeza neno moja: kabla ya kuziba ufa, jua kwanza ukuta ulijengwa namna gani. Sisi katika chama chetu tunakusanya nyimbo, vyombo na majina ya wazee, ni kazi njema. Lakini chombo kikiwekwa ndani ya kabati na hakuna tena anayejua kukitengeneza, hatukukiokoa. Tumekiwekea mifupa ya chuma tu. Yule mzee wa mtaani kwako ambaye anajua kuchonga mtumbwi, kusuka kitunga, au kuezeka nyumba ya zamani, bado anaishi. Mpelekee kijana mmoja mwaka huu. Picha tutapiga baadaye.